Windows 10 imefika mwisho na prosesa ni ya kizazi cha 6: nibadili vipi mfumo bila kupoteza faili za nyumbani?

Mwalimu wa Kihonda, 6 Desemba 2025

Ndugu wadau, nawasalimu. Ninaomba ushauri kuhusu kompyuta ya mezani tunayoitumia hapa nyumbani Morogoro. Ni Dell OptiPlex 7040 niliyoinunua mtumba Kariakoo mwaka 2021, yenye prosesa ya Core i5-6500, RAM ya GB 8 na diski kuu ya TB 1, ile ya kuzunguka, si SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka. Tangu nilipoileta nyumbani inatumia Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na kuanzia hapo kompyuta imekuwa ikinitolea tangazo linalojaza skrini nzima, kwamba kifaa changu hakikidhi masharti ya Windows 11. Nimepakua ile programu yao ya kukagua kompyuta, nayo imenipa alama ya kijani kwenye RAM na kwenye diski, kisha nyekundu kwenye prosesa.

Kompyuta hii ni ya kaya nzima. Mimi ninaandikia humo maazimio ya kazi na mitihani ya ndani. Mke wangu ni mweka hazina wa VICOBA, na hesabu zote za wanachama zimo katika faili moja ya Excel yenye vitufe vya makro, yaani programu fupi zilizoandikwa ndani ya faili, ambavyo aliyeviandika hatumpati tena. Watoto nao wameweka kazi zao za shule. Kilicho kizito zaidi ni picha na video za familia tangu mwaka 2009, pamoja na sauti ya marehemu baba akisimulia namna babu alivyopata shamba la Matombo, ambayo tuliitoa kwenye kanda ya kaseti tukaigeuza kuwa MP3 kabla kanda yenyewe haijaliwa na unyevu. Vyote kwa pamoja ni GB 310.

Fundi mmoja wa hapa mtaani aliniambia ataipiga Windows mpya kwa shilingi 25,000, na nitaichukua siku hiyo hiyo. Nilipomuuliza faili zitakwenda wapi, alijibu kwamba vilivyo kwenye D, yaani sehemu ya pili ya diski, havitaguswa. Kompyuta yangu haina D. Nikamshukuru, nikairudisha nyumbani.

Ninachoomba kujua ni kama kweli natakiwa kuitupa kompyuta inayofanya kazi vizuri. Na kama sitakiwi, nianze na lipi kati ya kubadili mfumo na kuhamisha faili, na nitajuaje kwamba hakuna kilichosahaulika nyuma. Nina diski ya nje ya TB 1 ambayo bado iko kwenye boksi lake, flashi mbili za zamani, na likizo hadi shule zitakapofunguliwa Januari. Bando si la kuchezea, na umeme huku kwetu hukatika bila kubisha hodi.

Fundi Msamvu, 6 Desemba 2025

Mwalimu, hongera kwa kuirudisha nyumbani.

Tuanze na hilo la prosesa. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-6500 ni ya kizazi cha 6, kilichotoka mwaka 2015. Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chache mno za cha 7, na inadai pia chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Hata ukiongeza RAM ikafika GB 32, jibu litabaki lile lile. Hata hivyo Windows 10 yako haikuzimwa tarehe 14 Oktoba. Kilichosimama ni viraka vya usalama vya kila mwezi, na hivyo unaweza kuendelea kuvipata hadi tarehe 13 Oktoba 2026 ukijiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ambao mlango wake uko pale pale kwenye ukurasa wa masasisho. Sharti ni uwe na toleo la 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Unalipa dola 30 mara moja, au hulipi chochote ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Jiandikishe leo usiku, maana hata ukiamua kuhama, utahama bila kukimbizwa.

Uamuzi wa mfumo uache kwanza, tushughulike na faili. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: diski hiyo isifutwe. Nunua SSD ya SATA ya GB 480 au 500, fungua kompyuta, chomoa diski ya zamani waya wa data na wa umeme, na mfumo mpya, wowote utakaokuwa, usakinishwe kwenye SSD ikiwa peke yake ndani ya boksi. Mafundi wengi hatufanyi hivyo kwa sababu mteja hajaulizwa kama yuko tayari kununua diski nyingine, na kupiga Windows juu ya diski ile ile ni kazi ya saa moja. Diski ikiwa nje, hakuna kitufe utakachokibonyeza kwa makosa kikaigusa. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, unaanza upya tu, kwa kuwa kilichoharibika ni SSD ambayo haikuwa na kitu. Mfumo mpya ukishatulia, unairudisha diski ya zamani kama ya pili, unanakili unachokihitaji, kisha unaitoa na kuiweka kabatini. Halafu, na hili watu hulishangaa, kompyuta yenyewe itakuwa nyepesi kuliko siku uliyoinunua, kwa kuwa kinachoichosha i5-6500 yenye GB 8 mara nyingi ni diski ya kuzunguka.

Kabla ya kufungua boksi, nakili kila kitu kwenye hiyo diski ya nje wakati mfumo wa zamani bado unawaka. Pakua CrystalDiskInfo, ni ndogo haitakula bando, uone afya ya diski yako. Ikionyesha rangi ya buluu endelea kwa utulivu. Ikionyesha ya njano, anza na vile ambavyo havinunuliki, yaani sauti ya mzee na picha, kabla ya jambo jingine lolote. Chomeka diski ya nje kwenye tundu la USB 3, lile lenye ulimi wa buluu au alama ya SS. Kwenye tundu la USB 2 utapata kama megabaiti 30 kwa sekunde, maana yake GB 310 zitachukua saa 3 hata mambo yakienda vizuri. Kwenye USB 3, diski ya kawaida ikifikisha megabaiti 100, ni chini ya saa moja. Maelfu ya faili ndogo ndogo yatakuchelewesha zaidi ya hapo, usidhani imekwama.

Usitumie kukata na kubandika. Hata kunakili kwa kuburuta folda mimi sikupendi kwa mzigo wa namna hiyo, kwa sababu ikikutana na faili moja mbovu inasimama na kukuuliza swali wakati wewe umeshalala. Fungua dirisha la amri uandike hivi, ukibadilisha jina la mtumiaji na herufi ya diski yako:

`robocopy "C:\Users\Nyumbani" "E:\Nyumbani" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\taarifa.txt`

Hiyo /E inachukua folda zote hata zilizo tupu. /XJ inaiambia iruke njia za mkato za ndani ambazo Windows huzificha kwenye folda ya mtumiaji. Bila hiyo inaweza kuingia folda ya Application Data, ikajikuta imerudi mahali pale pale, ikazunguka humo hadi asubuhi. Zile /R:1 na /W:1 ni za lazima, kwa sababu usipoziandika, robocopy hujaribu kila faili iliyoshindikana mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio. Ukiona mahali mtu anakushauri kutumia /MIR, achana naye: hiyo hufuta kwenye diski unayopelekea kila kisichokuwepo kwenye unayotoka, na siku ukikosea ukabadilisha nafasi za hizo mbili, itakufutia chanzo kwa utiifu mkubwa.

Ikimaliza, fungua taarifa.txt ushuke hadi chini. Kuna jedwali lenye safu ya FAILED. Ikiwa ni sifuri, lala. Ikiwa si sifuri, niandikie hapa majina ya faili hizo.

Mama Steshenari, 7 Desemba 2025

Shikamoo Fundi, na pole Mwalimu. Mimi nina duka la steshenari hapa Dodoma, si fundi, ila mambo mawili yamenikuta ambayo nisingependa yakukute.

La kwanza ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kama uliwahi kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali maswali bila kuyasoma, kama nilivyofanya mimi, huenda folda yako ya Documents haiko tena mahali pake pa zamani. Imehamishiwa ndani ya folda ya OneDrive, na baadhi ya faili unazoziona si faili bali ni vivuli vyake, faili zenyewe ziko mtandaoni. Nilipohamia kompyuta mpya mwaka juzi nilinakili folda, nikaona majina yote yapo, nikaifuta ya zamani. Siku mteja aliporudi kutaka mwaliko wake wa harusi uchapishwe tena, faili ikagoma kufunguka. Kwa hiyo angalia alama iliyo pembeni ya kila jina: ikiwa ni wingu la buluu, faili haipo kwenye diski yako. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia uchague ibaki kwenye kifaa daima, usubiri hadi mawingu yote yageuke alama za kijani, ndipo unakili. Nafasi ya bure kule ni GB 5 tu, kwa hiyo kwa GB 310 zako huenda tatizo ni dogo, lakini mara nyingi zilizohamia huko ni zile za Documents, na hesabu za VICOBA nahisi ziko humo.

La pili ni flashi. Hizo zako za zamani ziache. Nami nilinunua moja kwenye duka fulani, imeandikwa GB 512, bei ya kupendeza, na kompyuta ikaisoma GB 512 kweli. Nikajaza picha za mahafali ya wanangu. Zilizofunguka ni za mwanzo tu, nyingine zote zilikuwa majina matupu, kwa sababu ndani ya ile flashi kulikuwa na chipu ya GB 32 iliyofundishwa kusema uongo. Siku hizi kila flashi au diski ngeni naijaribu kwanza kwa H2testw, ambayo huijaza yote kisha ikasoma ilichokiandika. Hata hiyo diski yako iliyo kwenye boksi, Mwalimu, usiionee haya, ijaribu. Na kama flashi imepangwa kwa FAT32, haipokei faili inayozidi GB 4, hivyo video ya kumuaga bibi harusi itakataliwa hata kama nafasi ipo tele.

Halafu manenosiri. Ukinakili folda ya Chrome, alamisho utazipata lakini manenosiri hayatafunguka kwenye mfumo mwingine, kwa kuwa yamefungwa kwa ufunguo wa Windows ile ile. Yatoe kwa njia ya Chrome yenyewe yawe faili ya CSV, yaingize unakohamia, kisha uifute CSV hiyo siku hiyo hiyo, maana humo ndani yameandikwa waziwazi na mtu yeyote anayasoma.

Mdau wa Likoni, 7 Desemba 2025

Salaam kutoka Mombasa. Ninaheshimu ushauri wa Fundi, lakini nadhani amelipita haraka mno suala la Windows 11. Nina tarakilishi ya kizazi cha 7 ambayo nimeipandisha kwa nguvu. Upo ufunguo wa rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, unaoitwa AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU. Ukiuandika, kisakinishi hukuonya kwamba kifaa hakitambuliki rasmi, ukikubali kinaendelea, mradi una chipu ya TPM hata ya toleo la 1.2. Faili, programu na mipangilio vyote vilibaki mahali pake, na masasisho ya kila mwezi ninayapata kama kawaida. Ikiwa mambo yataharibika, folda ya Windows.old, yenye mfumo wa zamani, hubaki kwa siku 10, na ndani ya muda huo unaweza kurudi ulikotoka kwa mbonyezo mmoja. Kwa mtu mwenye hesabu za chama zinazotegemea makro za Excel, hii ndiyo njia isiyomvuruga mama wa nyumba.

Fundi Msamvu, 8 Desemba 2025

Marahaba, Mama Steshenari. Hilo la mawingu ya OneDrive nilipaswa kulitaja mimi, na nimelipokea.

Ndugu wa Likoni, sikatai kwamba inafanya kazi. Nami nimewafanyia wateja kadhaa. Ninayoyahofia ni mawili. Microsoft wamesema wazi kwamba kompyuta isiyokidhi masharti haina haki ya masasisho, na kila toleo kubwa la mwaka linakulazimu urudie kazi hiyo kwa mkono, ukipakua tena faili inayozidi GB 5. Toleo la 24H2 tayari limezifungia nje kabisa prosesa za zamani sana, za enzi za Core 2, na hapo hakuna ufunguo wa rejista utakaokuokoa. Ya Mwalimu haijafikia huko. Lakini mtu anayelalamikia bando simshauri ajifunge kwenye kazi hiyo kila mwaka. Na siku 10 za Windows.old zisikufanye uache kunakili: folda hiyo iko kwenye diski ile ile, diski ikifa imekufa nayo.

Jambo jingine kwa wote wanaosoma hapa na wana kompyuta mpakato. Kabla ya kugusa mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, au kuchomoa diski na kuipeleka kwenye mashine nyingine, angalieni kama BitLocker au ule usimbaji wa kifaa, yaani kufuli la Windows la kuificha data ya diski, umewashwa, kwa sababu huwashwa wenyewe kimya kimya kwenye mashine nyingi ambazo mtu ameingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukiwa umewashwa, utaulizwa ufunguo wenye tarakimu 48. Huwa umehifadhiwa kwenye ukurasa wa akaunti hiyo. Uandikeni kwenye karatasi kabla. Nimewahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe alifunguliwa akaunti na muuzaji, kwa barua pepe ya muuzaji, na muuzaji ameshabadili namba ya simu. Sikuwa na la kumfanyia.

Mwalimu, ukiniuliza mimi, kwenye SSD ningeweka Linux Mint 22, mfumo mwingine badala ya Windows. Faili ya kuisakinisha haifiki GB 3, haina malipo wala ufunguo wa kutafuta, inatunzwa hadi 2029, na kizazi cha 6 kwake ni kijana. Iandike kwenye flashi yako mojawapo ya zamani kwa kutumia programu ya Rufus; flashi hiyo iwe na walau GB 4 na isiwe na kitu unachokihitaji, maana itafutwa. Washa kompyuta ukibonyeza F12, chagua flashi, utaifungua Mint yote bila kusakinisha chochote. Jaribu printa, jaribu sauti, na jaribu faili ya VICOBA kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint. Makro ndizo zitakazokusumbua, kwa kuwa LibreOffice huzielewa baadhi tu. Zikigoma zote, basi weka Windows 10 kwenye SSD na uishi nayo hadi Oktoba ijayo kwa mpango ule wa nyongeza. Leseni yako imefungwa kwenye ubao wa kompyuta, itajitambua yenyewe.

Na siku ya mwisho ya Windows, izime huku umeshikilia kitufe cha Shift. Kuzima kwa kawaida huiacha nusu usingizi ili iwake haraka kesho yake, na Linux ikiikuta diski katika hali hiyo hukubali kuisoma tu, haikubali kuandika.

Mwalimu wa Kihonda, 14 Desemba 2025

Ndugu zangu, naleta taarifa. Nilihakikisha luku ina uniti za kutosha, nikaanza kunakili Jumamosi saa 2 usiku kwenye tundu la buluu, na hadi saa 4 kasoro kazi ilikuwa imekwisha. Kabla ya hapo Mama Steshenari aliniokoa kweli: folda ya Documents ilikuwa ndani ya OneDrive, na faili ya VICOBA ilikuwa wingu. CrystalDiskInfo ilionyesha njano. Nilianza na picha kama nilivyoelekezwa.

Jedwali la mwisho la taarifa.txt linasema FAILED 4. Tatu ni faili za muda za Chrome ambazo nadhani zilikuwa zimefunguliwa. Ya nne ni MP3 ya baba. Mbele yake imeandikwa ERROR 23, kosa la data. Nimejaribu kuinakili kwa mkono mara tatu, inafika katikati kisha diski inatoa mlio kama wa saa ya ukutani. Nimeizima kompyuta sijaiwasha tena.

Fundi Msamvu, 14 Desemba 2025

Umefanya vyema kuizima, na usiinakili tena kwa mkono. Kila jaribio linaichosha sehemu hiyo bovu. Chomoa diski, sakinisha Mint kwenye SSD kwanza. Kisha weka kwenye Mint programu ya ddrescue, ambayo kifurushi chake kinaitwa gddrescue, uirudishe diski ya zamani, na uisomeshe faili hiyo moja tu. Nakala ya kawaida ikikwama hutupa kazi nzima. Ddrescue huruka palipo pabovu, hukusanya kilicho kizima, halafu hurudi kupajaribu palipobaki. Muundo wa amri ni chanzo, kisha nakala, kisha faili ya kumbukumbu:

`ddrescue -r3 baba.mp3 ~/baba-mpya.mp3 ~/baba.map`

MP3 hustahimili pengo. Mahali palipopotea patakuwa kimya au patakwaruza, kisha sauti itarudi.

Mwalimu wa Kihonda, 3 Januari 2026

Heri ya mwaka mpya, wadau. Niliahidi kurudi.

SSD ya GB 480 imo ndani, na Mint imesakinishwa ikiwa peke yake kama Fundi alivyosisitiza. Umeme ulikatika mara moja katikati ya kazi. Nikaanza upya, basi. Hesabu ya picha niliifanya kwa kulinganisha idadi ya faili katika kila folda ya mwaka, ya zamani na mpya, na kwa kila mwaka nikafungua picha chache za mwisho, si za mwanzo. Folda ya 2014 ilipungua faili 1 nikahangaika nusu siku, kumbe ni Thumbs.db, ile inayofichwa na Windows.

Makro za VICOBA hazikufanya kazi, ila nilipozifungua pamoja na mke wangu tukakuta kitufe kikubwa kilikuwa kinajumlisha hisa za kila mwanachama tu, jambo ambalo fomula ya SUMIF inalifanya bila makro yoyote, na LibreOffice inaijua. Ametumia jioni mbili kuiandika upya na kuilinganisha na daftari la mkono. Kitufe cha kuchapa risiti hakina mbadala bado. Kwa sasa anachapa kwa njia ya kawaida, na analalamika, kwa haki.

Kuhusu MP3, ddrescue ilirudisha yote isipokuwa kilobaiti 64. Rekodi yetu ni ya kilobiti 128 kwa sekunde, kwa hiyo kilichopotea ni sekunde 4. Tumeisikiliza mkesha wa mwaka mpya, ndugu wote wakiwa hapa. Baba anasema, "Shamba hili mzee alilinunua kwa mbuzi watatu kutoka kwa," kisha kinafuata kikwaruzo, kisha anaendelea na habari za mto. Baba mdogo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akalitaja lile jina bila kunyanyua kichwa kwenye sahani. Tumeliandika kwenye jina la faili.

Fundi Msamvu, 3 Januari 2026

Pelekeni nakala yake kwa huyo baba mdogo pia, kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Na mrekodini.